Usianze na Mikwaruzo ya Santuri

Siku hizi prodyuza akitaka dramu zake zisikike za kale, kitu cha kwanza anachokikimbilia ni mikwaruzo. Anachukua kiki safi iliyorekodiwa studio kubwa kwa maikrofoni lukuki, anaibandikia sauti ya sindano ikiparuza santuri, anakata masafa ya juu mpaka mdundo wote unaziba, halafu anashangaa kwa nini bado haufanani na ule wa mwaka 1969. Ni kumpaka kijana chokaa kichwani ukadhani umempata mzee.

Naandika kwa ajili yako wewe unayetengeneza midundo kwa kompyuta na unayeitamani sauti ya breki za zamani. Breki ni kile kipande ambapo gitaa, tarumbeta na mwimbaji hunyamaza, mpiga dramu akaachiwa uwanja peke yake. DJ Kool Herc alikirefusha kipande hicho kwa santuri mbili za wimbo mmoja, pale 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, tarehe 11 Agosti 1973, na wengi huihesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop. Breki tunazozipenda zimepita njia ndefu kabla ya kutufikia: mkono wa mpigaji, ngozi ya dramu, chumba, maiki mbili tatu, kanda, santuri, na mwishowe sampula ya miaka ya 1980. Ushauri wangu ni kwamba uifuate njia hiyo kwa mpangilio wake, kuanzia mkononi. Madoido ya kompyuta yaje nyuma.

Mkono kwanza

Chagua breki moja uijue kwa kichwa kabla hujagusa chochote. Mimi ningekupa ile ya "Amen, Brother" ya The Winstons, ya mwaka 1969, iliyokaa upande wa pili wa santuri ya "Color Him Father". Aliyepiga ni Gregory Coleman. Ni baa nne tu, kama sekunde saba, kwa kasi ya karibu mapigo 137 kwa dakika. Jungle na drum and bass, miziki miwili mizima ya Uingereza, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya sekunde hizo.

Igawe kila baa katika hatua 16, kama gridi ya programu yako inavyofanya. Katika baa mbili za kwanza kiki inaanguka kwenye hatua ya 1, ya 3, ya 11 na ya 12. Sneya inapigwa kwa nguvu kwenye ya 5 na ya 13, na kwa wepesi kwenye ya 8, ya 10 na ya 16. Juu yake simbali inatembea, hatua moja inapigwa, moja inarukwa. Ikifika baa ya tatu, lile pigo la sneya la hatua ya 13 linacheleweshwa mpaka ya 15. Baa ya nne inaanza na ukimya mahali ambapo sikio linasubiri kiki, kisha simbali ya kishindo inapasuka mapema, nusu ya baa ikiwa ndiyo kwanza imepita.

Ziandike hatua hizo kwa nguvu moja, kila pigo likae barabara kwenye mstari. Utasikia mashine. Mapigo yote yapo mahali pake, ila Coleman mwenyewe hayumo.

Coleman yumo kwenye tofauti ya nguvu. Programu nyingi hupima nguvu ya pigo kuanzia 1 hadi 127. Mapigo makubwa ya sneya yaweke kati ya 105 na 120, yale mepesi kati ya 25 na 45, na usiruhusu mawili yanayofuatana yalingane. Halafu kumbuka kwamba pigo jepesi si pigo kubwa lililopunguzwa sauti. Fimbo ikidondoshwa polepole, ngozi hutoa mlio mwingine kabisa: makali yanapungua, na nyaya za chini ya sneya zinasikika kuliko ngozi yenyewe. Kwa hiyo tafuta sampuli nyingine kwa mapigo hayo, na kama huna, yakate masafa ya juu kuanzia kilohezi 5 hivi. Msikilize Clyde Stubblefield katika "Funky Drummer" ya James Brown, iliyorekodiwa Cincinnati Novemba 1969. Kati ya mapigo yake makubwa kumejaa minong'ono ya sneya isiyokatika. Iondoe minong'ono hiyo na breki iliyosampuliwa kuliko karibu zote duniani inageuka mdundo wa kawaida ambao ungeusikia kwenye harusi yoyote.

Kisha kuna suala la muda. Roger Linn, aliyebuni MPC60, mashine ya midundo ya Akai iliyotoka mwaka 1988, aliweka kipimo cha bembea kinachoanzia asilimia 50, yaani mstari ulionyooka, hadi 75. Watu husoma hivyo wakakimbilia 62 au 66. Kwa breki za aina hii anzia 53 au 54. Kwa kasi ya mapigo 137, asilimia 54 inachelewesha kila hatua ya pili kwa milisekunde 9 tu. Sikio haliwezi kuzihesabu, lakini mwili unazisikia.

Kuna kitufe ambacho ningekishauri ukisahau: kile kinachosogeza mapigo ovyo ili eti yawe ya kibinadamu. Mpiga dramu mzuri habahatishi. Ana tabia zake, na anazirudia. Huyu haihati yake iko mbele kidogo, yule sneya yake inachelewa kila mara kwa kiasi kilekile, mwingine kiki ya pili inamponyoka kwa sababu mguu wake umechoka. Kama huwezi kupiga dramu, piga mdundo kwa vidole kwenye kibodi, baa zote nne kwa mkupuo mmoja, na usinakili ya kwanza mara nne. Makosa madogo yaache. Yale makubwa rekebisha kwa mkono, moja moja.

Ngozi, taulo na ngazi za ghorofa

Sampuli za kununua zina kazi yake, lakini nyingi zimerekodiwa kwa ladha ya leo: kiki yenye shimo mbele na maiki ndani yake, sneya nene, simbali zinazong'aa kama... tuseme zinazong'aa kupita kiasi. Sauti ya mwaka 1969 ni nyingine. Kiki ilikuwa ndogo kuliko tunavyodhani na mara nyingi ilifungwa ngozi pande zote mbili, kwa hiyo inalia noti kabla ya kugonga. Sneya ilikazwa ikapanda juu, ikatoa ule mlio wa "kang" unaopenya hata kwenye redio ndogo. Na dramu zilizibwa kwa vitu vya nyumbani. Ringo Starr wa The Beatles alitandika vitambaa vya jikoni juu ya dramu zake, na katika rekodi nyingi za mwaka 1969 unasikia kabisa jinsi mlio unavyokatika ghafla.

Kwa hiyo tafuta dramu halisi kama unaweza, na pengine unaweza kuliko unavyofikiri. Makanisa mengi ya mijini kwetu yana seti ya dramu na kijana anayeijua vizuri. Omba saa moja baada ya mazoezi ya kwaya. Kaza ngozi ya juu ya sneya, robo mzunguko kwa kila skrubu, ukivuka kwenda ya upande wa pili badala ya kuzunguka, mpaka ukiigonga kwa kidole ilie kavu. Kunja kitambaa kimoja ukitandike kwenye robo ya ngozi, si yote. Ndani ya kiki weka shuka moja nyepesi inayogusa ngozi kidogo tu. Ukijaza magodoro, umeua noti uliyokuja kuifuata.

Maiki mbili zinatosha. Ningesema hata moja. Moja itundike juu ya sneya, zaidi kidogo ya mita moja, ikitazama chini. Ya pili iweke pembeni, nyuma kidogo ya dramu kubwa ya sakafuni, ikitazama sneya kwa mlalo. Chukua uzi, ushike ncha moja katikati ya sneya, uuvute hadi maiki ya kwanza, kisha uuzungushe hadi ya pili: umbali uwe sawasawa, la sivyo sauti ya sneya itafika mara mbili na kujila yenyewe. Ndiyo njia ambayo fundi mitambo Mwingereza Glyn Johns alifahamika kwayo, na inafanya kazi kwa maiki za bei nafuu kama inavyofanya kwa za gharama. Kama una simu tu, isogeze mbali na utafute programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho ya sauti ya kujiendesha. Bila hivyo simu itajishusha kila kiki ikilia.

Chumba ni chombo cha muziki. Mwaka 1971 Led Zeppelin walitoa "When the Levee Breaks", ambayo dramu zake zilirekodiwa kwenye ukumbi wa kuingilia wa jumba la Headley Grange, Uingereza. John Bonham, mpiga dramu wao, alikaa chini, na fundi Andy Johns, mdogo wake Glyn, akatundika maiki mbili za Beyerdynamic M160 juu kwenye ngazi. Hakuna maiki iliyokaa mdomoni mwa dramu. Ukubwa wote unaousikia ni wa ngazi zile, umebanwa na kompresa na kuongezewa mwangwi wa mashine. Sisi tunaishi kwenye nyumba za saruji na vigae, na ghorofa zetu zina ngazi zinazolia vizuri ajabu. Kama huwezi kupeleka dramu ngazini, peleka spika: cheza mdundo wako kwa sauti kubwa chini, rekodi juu, na uchanganye kidogo ya hiyo na ile ya mwanzo. Bodaboda ikipita katikati, rudia. Ikipita kwa mbali, iache.

Kwa anayetumia sampuli pekee, lipo jambo dogo la kuiga: kwenye dramu halisi hakuna kinacholia peke yake. Kiki ikipigwa, nyaya za sneya zinatetemeka. Basi kila penye kiki weka sauti hafifu mno ya nyaya za sneya, hafifu kiasi kwamba hutaisikia mpaka uiondoe. Na dramu zote zipitishe kwenye mwangwi mmoja mfupi, wa nusu sekunde au pungufu, badala ya kuipa kila dramu chumba chake. Baada ya hapo zikusanye zote ziwe mono. Hatua hii pekee inakusogeza karibu na mwaka 1969 kuliko programu yoyote ya kuiga uzee, na ni bure.

Kanda, kisha sampula

Kanda ya studio ilikimbia kwa sentimita 38 kwa sekunde, na mafundi walizoea kuisukuma. Pigo kali likiizidi kanda, halipasuki kama linavyopasuka kwenye kompyuta, bali kichwa chake kinalainika na mwili wake unajitokeza. Programu za kuiga kanda ziko nyingi na baadhi ni nzuri. Lakini kama nyumbani kuna redio ya kaseti inayorekodi, itumie. Kaseti inakwenda sentimita 4.76 tu kwa sekunde, kwa hiyo ina mvumo zaidi na masafa ya juu yanapotea mapema. Kwa dramu, hiyo si hasara. Rekodi mara tatu: sindano ya kipimo cha sauti ikiwa chini ya nyekundu, ikigusa nyekundu, na ikilala kabisa kwenye nyekundu. Utakayoichagua huwa ni ile uliyodhani imeharibika kidogo.

Kompresa iwekwe baada ya kanda. Ukitaka pigo lipite kabla halijashikwa, muda wa kushika uwe milisekunde 20 hadi 30. Ukitaka chumba kipande juu na kupumua, ushushe hadi 1 au 2. Muda wa kuachia ufuate mwendo wa mdundo: kwa mapigo 137 hatua moja ni kama milisekunde 109, anzia hapo. Mimi hutengeneza nakala mbili, moja ya kawaida na moja iliyobanwa bila huruma, kisha naipandisha ya pili polepole chini ya ya kwanza. Ikianza kujulikana iko pale, nairudisha nyuma kidogo.

Sasa sampula, ambayo wengi huikosea. SP-1200 ya E-mu ilitoka mwaka 1987 ikiwa na biti 12, kipimo cha kilohezi 26.04 na sekunde 10 tu za kuhifadhi sauti. Kwa kubana matumizi, maprodyuza wa New York walicheza santuri ya mizunguko 33 kwa mizunguko 45, wakaichukua ikiwa fupi, kisha wakaishusha ndani ya mashine irudi kasi yake. Ubahili huo ndio uliotengeneza sauti. Kwa hiyo kufungua programu ya kupunguza biti na kuiacha hapo hakutoshi, fuata mzunguko wote. Zima kwanza kile kinachotenganisha kasi na noti, ili viende pamoja. Pandisha mdundo wako kwa nusu toni 5 na ushei, ambayo ndiyo tofauti ya 33 na 45. Upitishe kwenye biti 12 na kilohezi 26.04. Urekodi upya uwe faili mpya. Kisha ushushe kiasi kilekile. Sauti halisi sasa inaishia karibu kilohezi 9.6, na juu yake kunabaki mlio wa chumachuma ambao haukuwepo kwenye dramu yenyewe. Huo mlio ndio watu wanaoutafuta wakitaja jina la mashine ile.

Ukitaka kwenda upande wa jungle, usitumie kunyoosha kwa kisasa kunakotenganisha kasi na noti. Mdundo wa 137 ukiuharakisha hadi 170 kwa njia ya zamani, unapanda karibu nusu toni 4, sneya inakuwa ndogo na kali, simbali zinageuka mvua. Hivyo ndivyo inavyotakiwa isikike. Ukate vipande na uvipange upya baada ya kuurekodi, si kabla, kwa sababu raha ya kukata breki ni kwamba kila kipande kinabeba mkia wa pigo lililotangulia. Ukipanga upya sampuli safi, hiyo mikia haipo.

Kuhusu besi, neno moja. Kiki ya 1969 haina ule mngurumo wa chini kabisa, na usijaribu kuupa. Kata kila kitu chini ya hezi 50 au 60 kwenye breki, na mngurumo uuachie ala ya besi. Waingereza wa jungle walilijua hilo.

Mikwaruzo je? Kama bado unaitaka, iingize kabla ya kompresa ili ipumue na dramu, na iwe chini. Bora zaidi ni kuipata kihalali. Portishead wa Bristol, walipotengeneza albamu yao "Dummy" ya mwaka 1994, walirekodi muziki wao wenyewe, wakauchapisha kwenye santuri, wakazichosha santuri hizo hadi kwa kuzikanyaga sakafuni, ndipo wakachukua sampuli. Hawakubandika uzee juu. Waliuzeesha muziki wenyewe.

Nani mwenye breki

Utauliza kwa nini uhangaike hivyo wakati breki yenyewe iko kwenye intaneti, bonyeza tu uichukue. Sababu ya kwanza ni ya sheria. Rekodi ina mwenyewe. Desemba 1991 mahakama ya New York iliamua dhidi ya rapa Biz Markie kwa sampuli aliyoitumia bila idhini, na tangu hapo lebo nyingi za Marekani zikaogopa. Sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya nazo zinalinda rekodi, na santuri za zamani za Dar es Salaam na Nairobi zina wenyewe hata kama jina la kampuni limeshafutika kwenye lebo. Mpangilio wa mapigo peke yake kwa kawaida haumilikiwi na mtu, sauti iliyorekodiwa inamilikiwa. Ukiupiga upya mwenyewe, rekodi ni yako, na hakuna atakayeondoa wimbo wako mtandaoni siku utakapoanza kukulipa.

Sababu ya pili ni ya haki. Gregory Coleman alifariki mwaka 2006 bila kupata chochote kwa sampuli zote zile. Richard Spencer, kiongozi wa The Winstons, hakulipwa pia, mpaka mwaka 2015 mashabiki wa Uingereza walipomchangia pauni 24,000 kwa hiari yao. Kwa hiyo yule kijana wa kanisani akishamaliza kukupigia, mlipe kabla hajapanda daladala, andikeni karatasi moja inayosema rekodi ni ya nani na atapata nini wimbo ukiuzwa, na jina lake liwepo kwenye maelezo ya wimbo, limeandikwa kwa herufi zote.